Wifi Kheiria na Swali la Mara ya Pili

Nyinyi wanangu mnaoendesha magari yenu kila asubuhi kwenda Khuwair kwenye wizara, mkatia saini karatasi na kuitwa "ustadha" na kila anayeingia mlangoni, msidhani viti hivyo vilianza kukaliwa na wanawake jana. Wa kwanza nliyemuona mimi kwa macho yangu alikuwa wifi yangu Kheiria, mke wa marehemu ndugu yangu Marhoon. Nasema wifi, na mawifi mnawajua walivyo. Sikumpenda siku ya kwanza, wala ya pili. Bora niseme mapema, msije mkadhani nampamba kwa sababu kafa.

Kheiria alikuja Maskati mwaka wa sitini na nne, mwezi wa Mei, na joto la Mei la hapa mnalijua. Huko Unguja alikuwa mtu wa siasa. Si mke wa mtu wa siasa, la, yeye mwenyewe. Uchaguzi wa sitini na moja alizunguka nyumba kwa nyumba, Kiponda na Malindi, akiwaandikisha wanawake wapige kura. Jioni akipanda jukwaani akisema kwa kipaza sauti, buibui limemteremka mabegani na hana khabari nalo. Mie nlikuwa nshaolewa huku Matrah, jirani na Maskati, tangu arubaini na nane, hayo nkiyasikia kwa barua, na nkiona haya kwa niaba yake. Marhoon yeye akijivuna! Kila barua mke wangu kasema hivi, mke wangu kawajibu vile. Halafu ikaja ile Januari ya mapinduzi. Marhoon akauliwa mlangoni pake, na mkewe akapakiwa melini na sanduku moja la bati.

Mume wangu Mahfoudh, aliyekuwa na duka la nguo sokoni, ndiye aliyemdhamini kwa liwali. Siku hizo mtu haingii hivi hivi. Mtu akivaa miwani ya jua anaulizwa, akiwa na redio anaulizwa, na usiku ukitembea bila ya fanusi unalala ndani. Liwali akamwandikisha Mahfoudh karatasi kwamba mwanamke huyu hatatia mdomo wake katika mambo ya serikali, na akiutia, atakayekwenda gereza la Jalali kwenye pingu ni mdhamini. Mahfoudh akatia saini. Aliporudi akamwambia Kheiria mbele yangu, kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, "Shemeji, nakuomba kitu kimoja tu. Nyamaza."

Akanyamaza miaka sita. Wallahi, miaka sita! Akikaa chumba cha juu akishona kofia, na alikuwa na mkono mzuri wa kofia. Wanawake wa mtaani walipojua kuwa anajua kusoma na kuandika wakaanza kuja kwa mlango wa jikoni, awaandikie barua za ndugu zao walioko Dubai, Bahreni, Mombasa. Hilo Mahfoudh alilijua na akajifanya halijui. Mie nkimtazama anavyoandika, kalamu inakwenda yenyewe, halafu akimaliza anakaa anaitazama ile kalamu. Hapo ndipo nlipoanza kumuonea huruma. Mtu aliyesema mbele ya umma mzima, sasa anaandika "wasalimie watoto" na "tumepokea kanga".

Sasa niseme na yangu, maana bila ya hayo hamtafahamu kitu.

Mwaka wa sitini na mbili nlimzaa Aliya, kitinda mimba wangu. Uzazi ulikuwa mbaya, siku mbili na nusu. Mtoto alitoka mzima alhamdulillah, lakini mie baada ya arubaini nkaona kitu si sawa. Mfuko wa uzazi umenishuka. Ndiyo, naitaja, mmeshakuwa watu wazima. Nkinyanyua ndoo, umeshuka. Nkikohoa, umeshuka. Nkawa najifunga kitambaa kikuukuu kilichokunjwa, nakikaza, naendelea na kazi. Anayeuliza, namwambia mgongo. Sikumwambia mtu. Sikumwambia hata Mahfoudh. Nlihamia kulala chumba cha watoto, nkasema Aliya analia, na Aliya akakua akaacha kulia na mie sikurudi. Miaka minane. Yeye hakuniuliza, na mie najua alikuwa akidhani nimemchoka. Nkamwacha adhani hivyo, kwa sababu aibu ya hilo nliiweza na aibu ya lile sikuiweza.

Basi. Julai ya sabini Sultani mpya akakaa, watu wakatoka njiani kucheza, redio zikafunguliwa mpaka sauti ya mwisho. Wiki chache baadaye akaja Matrah mtu anaitwa Sheikh Harub, kakulia Bahreni, kapewa ofisi mpya ya mambo ya mji. Akaja dukani kwa Mahfoudh. Akamwambia, nasikia nyumbani kwako yupo mwanamke aliyewaandikisha wanawake wa Unguja. Mie namtaka. Mwanamme hawezi kuingia majumbani kwa watu, na mie nataka kujua mna nini ndani.

Mahfoudh akaja nalo nyumbani uso umemkunjamana. Akaitaja ile dhamana. Kheiria alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Shemeji, dhamana uliiweka kwa liwali yule. Liwali yule yuko wapi leo?"

Mahfoudh akacheka mpaka akakaa chini. Na kwa kuwa alicheka, kesho yake Kheiria akaenda.

Sheikh Harub hakumzungusha. Alisema amepata ahadi ya daktari mmoja wa kike kutoka Bara Hindi, mmoja tu. Watu wa Suhar wanamtaka, watu wa Nizwa wanamtaka. "Niletee haja za wanawake wa Matrah kabla ya Jumamosi, nami nipate la kusema mbele ya wakubwa. Kama hawana haja, daktari atakwenda kwengine. Na mie sitakuwa na kazi ya mwanamke ofisini." Hivyo hivyo. Kheiria aliporudi kunihadithia, macho yalikuwa yamemrudia ujana.

Na mie, daktari wa kike! Nlikwenda nkajifungia chooni nkalia.

Kheiria akanunua daftari. Siku nne akazunguka nyumba arubaini na moja, peke yake, miguu imemvimba. Na kila nyumba alifanya kama alivyofanya Kiponda. Anaingia, anasalimu, anafungua daftari, anauliza, anaandika, anaaga. Uandikishaji wa kura ndivyo ulivyo, jina lako nani, nyumba nambari ngapi, haya, anayefuata.

Sasa nyinyi mmezaliwa hapa, desturi ya hapa mnaijua. Mgeni akikaa mnaulizana khabari. "Shay khabar? Shay ulum?" Na jawabu ni moja, "Abadan, ma shay." Hakuna khabari, hakuna jipya, salama. Hata kama maiti yuko chumba cha pili hajaoshwa, utasema hakuna khabari. Ndiyo adabu. Khabari yenyewe inakuja baadaye, kahawa ishazunguka, na kwa sharti uulizwe tena.

Basi Kheiria, kalamu mkononi, akiuliza, "Khabari zenu? Mna haja ya daktari?" Wao wanajibu, "Abadan, salama." Na yeye anaandika salama! Nyumba arubaini na moja, salama. Ya arubaini na mbili ikawa yangu. Akakaa mbele yangu jikoni na daftari lake.

"Na wewe wifi? Una haja yoyote?"

"Mie?" nkamwambia. "Mie mzima."

Akaniandika mzima.

Jumatano akapeleka daftari. Sheikh Harub akalifungua kurasa za mwanzo, akalifungua za mwisho. "Mashallah," akasema. "Mji mzima hauna mgonjwa." Akamrudishia na akamwambia Jumamosi ndiyo Jumamosi, barza itakaa na wazee wa mji watakuwapo.

Kheiria alirudi hajui aweke wapi mikono yake. Nkamtilia chai, hakuinywa. Halafu akasema neno ambalo lilinichoma.

"Wifi, wanawake wa hapa hawajui wanachokitaka. Nimewafungulia mlango, hawataki kuingia."

Lo! Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Hawajui? Nani hawajui? Wewe ndiye usiyejua kuuliza! Umewaandikia barua miaka sita kwenye mkeka huu huu. Hebu nambie, barua ngapi zilianza na msiba?"

Akanitazama.

"Zote zinaanzaje? Si 'sisi hatujambo, sote wazima, hatuna wasiwasi ila wenu'? Halafu unafika katikati ya karatasi, ila baba kafariki, ila mtoto kavunjika mguu, ila nyumba imeanguka. Siku gani umewahi kusimamisha kalamu kwenye 'hatujambo' ukaipeleka barua posta? Na wewe mwenyewe Unguja, mtu akikuuliza hujambo ukiwa na homa, ukimwambia nini?"

"Sijambo," akasema taratibu.

"Eeeh! Basi umekwenda nyumba arubaini na moja ukachukua mstari wa kwanza ukakimbia nao. Wamekusalimu tu, hawajakwambia kitu."

Nlidhani atakasirika, na mie nlikuwa tayari kwa ugomvi, tangu sitini na nne hatujagombana vizuri hata siku moja. Akaanza kucheka. Akacheka huku machozi yanamtoka. "Mie mjinga, wifi. Mjinga wa kusoma." Akalifunga daftari. "Twende sote. Nifundishe."

Alkhamisi asubuhi tukaenda kwa Bi Masouda, kizee aliyekuwa akisikilizwa na wanawake wa mtaa mzima. Wanawake kumi na tatu walikuwapo, barakoa zao usoni, vibirika viwili vya kahawa, sahani ya tende. Nlimwambia Kheiria kalamu aifiche na asiwe na haraka ya kitu chochote. Akauliza khabari. Salama. Tukanywa kahawa. Tukazungumza bei ya samaki, harusi ya mtoto wa Bakhita, joto. Akauliza tena. "Salama, salama," wakasema, lakini sasa kwa sauti ndogo. Kahawa ikazunguka tena. Akauliza mara ya tatu, akatulia.

Hakuna aliyesema.

Walikuwa wakitazamana. Mie nlikuwa nkiwajua mmoja mmoja, yule anayekaa ubavu, yule asiyeweza kukaa karibu na watu kwa harufu, yule aliyezika watoto wanne. Wote walikuwa na maneno na kila mmoja alikuwa akimngojea mwenzake. Na mie, mwalimu niliyejifanya najua, nlikuwa nkingoja pia. Kitambaa changu kimenikaza kiunoni. Nkasema moyoni, tukitoka hapa hivi hivi, yule daktari ananiendea Nizwa.

"Mie mfuko wa uzazi umenishuka," nkasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwengine. "Tangu nimzae Aliya. Mwaka wa nane huu. Mgongo uongo, sina mgongo."

Kheiria akageuza shingo akanitazama. Miaka sita tunakula sahani moja. Uso wake sijausahau.

Bi Masouda akakitikisa kikombe chake, ishara ya kuwa kahawa imemtosha, akakiweka chini. "Mie," akasema, "mwaka wa kumi na moja."

Baada ya hapo, jamani, hata nafasi ya kuvuta pumzi hatukupata. Walisema mpaka adhuhuri, na waliosikia wakawaita wengine, na kesho yake baada ya sala ya Ijumaa wakaja wengine nyumbani kwetu kwa ule mlango wa jikoni. Kheiria akaandika. Lakini walimuapisha, mkono juu ya msahafu, kwamba jina la mtu halitatoka. Na mie nliapisha pamoja nao, msinione shujaa.

Jumamosi ikafika. Kheiria hawezi kwenda peke yake kwenye barza ya wanaume, basi nkamfuata, buibui langu na barakoa juu, nani atanijua. Wanaume kiasi cha ishirini wamekaa kwenye mazulia wameegemea kuta. Nkatupa jicho, na moyo ukanianguka. Mahfoudh. Kaja na wafanyabiashara wa sokoni, na mie hakuniambia.

Tukakaa karibu na mlango. Sheikh Harub akamgeukia wifi yangu, na kama adabu inavyotaka, akamuuliza, "Ya Kheiria. Shay khabar? Shay ulum?"

Barza nzima ikangojea ile abadan. Naapa kwa Mungu, mmoja wao alishaanza kuitika kwa kichwa.

"Zipo," akasema Kheiria.

Kwa Kiarabu chake cha Unguja, kilichopinda, lakini kila mtu alifahamu. Hapana mtu aliyewahi kujibu hivyo mbele ya barza. Mzee mmoja akaweka chini kikombe. Na yeye akainuka, jamani, akainuka, na buibui likamteremka mabegani! Pale nkamuona yule ambaye ndugu yangu akijivunia. Akasoma. "Wa kwanza, mwanamke wa miaka arubaini na mbili, mfuko wa uzazi umeshuka, miaka minane. Wa pili, mwanamke wa miaka sitini, hivyo hivyo, miaka kumi na moja. Wa tatu, kazaa saba, kazika watano." Akaenda mpaka wa hamsini na tatu, sauti haikutetemeka. Wanaume wengine walikuwa wanatazama chini.

Alipomaliza, mfanyabiashara mmoja wa makamo akasema, "Karatasi isiyo na majina hata mie naweza kuiandika, nkikaa dukani kwangu. Tutajuaje?"

Sheikh Harub hakuwa mtu mbaya. Lakini akasema, "Ana haki. Wakubwa wataniuliza hivyo hivyo. Nipe majina."

"Nimeapa," akasema Kheiria.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Sheikh akamtazama sana, halafu akaanza kuikunja ile karatasi, mara mbili, mara tatu. Kheiria kasimama. Hakunigeukia. Angenigeukia tu, angetosha kunisaliti, na hakunigeukia. Miaka sita alinyamaza kwa ajili ya mume wangu, na sasa ananyamaza kwa ajili yangu na kila kitu kinamtoka mkononi.

Mie nkasimama.

"Wa kwanza ni mimi," nkasema. "Nasriya. Mume wangu yule pale."

Sheikh Harub akamtazama Mahfoudh, mara moja tu, akainamisha macho. Kisha akaikunjua karatasi, akailaza juu ya paja lake akainyoosha kwa kiganja. Akamwambia karani wake, "Mletee kiti Kheiria. Na meza. Kesho anaanza."

Daktari wa Kihindi alishuka Matrah mwezi wa Disemba, mwanamke mwembamba mwenye mikono baridi, na mgonjwa wake wa mwanzo nlikuwa mie. Kheiria akapata meza, halafu ofisi, halafu watu wakamwinukia akipita. Hayo mnayajua, picha yake mnayo.

Lakini mie nataka mjue ya siku ile njiani. Tulitoka barza, Kheiria akabaki na karani wa Sheikh, mie na Mahfoudh tukarudi nyumbani, yeye mbele na mie nyuma. Tukapita soko zima. Watu wakimsalimu, akiitikia kwa mkono. Tulipolipita duka lake akapunguza mwendo mpaka tukawa sawa, akaniuliza bila ya kunitazama.

"Nasriya. Khabari?"

"Salama," nkamjibu. Mazoea ya maisha yangu yote, mtafanyaje.

Tukaenda mpaka mlangoni petu. Akatoa ufunguo, akautia, hakuuzungusha. Akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu, na akaniuliza tena.